Mrejesho wa Ishara za Mwili: Njia ya Kutuliza Maumivu na Wasiwasi, na Mtazamo wa Kanisa



Katika kuwatembelea wagonjwa majumbani, kutoka mjini Bariadi hadi vijiji vya Itilima, Maswa, Meatu na Busega, swali moja hutujia mara kwa mara. Mtu amekwenda hospitali, amepewa dawa, ameombewa na jumuiya yake, na bado mgongo unauma, kichwa kinagonga, au moyo unamwenda mbio usiku kila anapowaza deni la pembejeo na mvua isiyonyesha. Huuliza kama kuna jambo analoweza kufanya yeye mwenyewe, na kama jambo hilo linapatana na imani yake.

Makala hii inaeleza njia mojawapo ambayo wataalamu wa afya wamekuwa wakiitumia kwa zaidi ya miaka 50, iitwayo bayofidibeki. Kwa Kiswahili tutaiita mrejesho wa ishara za mwili. Tutaeleza maana yake, jinsi inavyofanya kazi, manufaa na mipaka yake, namna ya kuifanya kwa kiasi fulani pasipo mashine, na Mama Kanisa anatufundisha nini tunapoitumia.

Maana na chimbuko lake

Mwili hutoa ishara wakati wote: mapigo ya moyo, mwendo wa pumzi, joto la ngozi, jasho la viganja, mkazo wa misuli. Nyingi hatuzitambui. Katika mrejesho wa ishara za mwili, kifaa huzipima ishara hizo na kumwonyesha mhusika papo hapo kwa namba, mchoro au sauti. Akiona mchoro wa misuli ya mabega yake ukipanda, hujaribu kuilegeza, na kifaa humwonyesha kama amefaulu. Hurudia mara nyingi hadi mwili uzoee, na hatimaye huweza kufanya hivyo bila kifaa. Ni mfano wa mtoto anayejifunza kuandika: kwanza huangalia kila herufi anayoichora, baadaye mkono huenda wenyewe.

Chimbuko la njia hii ni maabara za karne ya 20. Daktari Edmund Jacobson wa Marekani alionyesha kwamba mtu anaweza kufundishwa kuitambua misuli iliyokazwa na kuilegeza, naye alitumia vipimo vya umeme kuuona mkazo huo. Katika miaka ya 1960, Joe Kamiya alichunguza kama mtu anaweza kuyatambua na kuyabadili mawimbi ya ubongo wake, na Neal Miller akachunguza kama viungo vinavyojiendesha vyenyewe, kama moyo, vinaweza kufundishwa. Baadhi ya matokeo ya kwanza ya Miller kwa wanyama hayakuweza kurudiwa na watafiti waliofuata, lakini swali alilouliza lilifungua mlango wa tafiti nyingine nyingi. Mwaka 1969 watafiti wa fani hii walikutana Santa Monica, California, wakaunda chama chao, na jina bayofidibeki likashika. Huko Topeka, Kansas, Elmer Green na wenzake waliwafundisha wagonjwa wa kipandauso kupasha mikono yao joto kwa kuangalia kipimajoto, kwa sababu mikono hupata joto pale mishipa ya damu inapolegea.

Jinsi inavyofanya kazi

Mwenyezi Mungu ameuumba mwili wa mwanadamu ukiwa na mfumo wa fahamu unaojiendesha pasipo kuamriwa. Una matawi mawili makubwa. La kwanza hutuandaa kwa hatari: moyo huenda mbio, misuli hukaza, pumzi huwa fupi. La pili hututuliza: moyo hupunguza mwendo, chakula husagwa, usingizi huja. Mtu anayekutana na chui anahitaji tawi la kwanza. Shida huanza pale tawi hilo linapobaki limewaka kwa wiki na miezi ingawa chui hayupo.

Hapo maumivu na wasiwasi hulishana. Mwenye maumivu huogopa yasizidi, hofu hukaza misuli, misuli iliyokazwa huongeza maumivu, na maumivu hayo huongeza hofu. Mkulima aliyeinama kutwa nzima akipalilia pamba hupata maumivu ya mgongo ya kweli kabisa. Akilala usiku akihofia kwamba kesho hataweza kulima, mgongo ule ule hukaza zaidi. Tukisema kwamba hofu imeongeza maumivu yake, hatusemi kwamba maumivu ni ya kuwaza tu. Maumivu ni halisi, na mwili na moyo wa mtu ni wa mtu mmoja.

Katika mfumo huo wote, pumzi ndiyo sehemu inayojiendesha yenyewe na papo hapo hukubali kuongozwa. Tunapovuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo, na tunapoitoa, hupunguza. Mtu akipumua taratibu kwa kiasi cha pumzi 6 kwa dakika, mwendo wa pumzi hulingana na wimbi la asili la msukumo wa damu, ambalo hurudi kila baada ya sekunde 10 hivi. Moyo na mishipa hujibu kwa pamoja, na tawi la kutuliza hupata nguvu. Njia mojawapo ya bayofidibeki inayotumika sana leo, ile ya mapigo ya moyo, imejengwa juu ya jambo hilo.

Manufaa na mipaka

Mahali panapotolewa huduma hii, mgonjwa huhudhuria vipindi kadhaa kwa mtaalamu wa saikolojia, wa fiziotherapia au wa tiba ya maumivu, na kufanya mazoezi nyumbani kila siku. Ushahidi ni wa nguvu zaidi kwa kipandauso na kwa maumivu ya kichwa yatokanayo na mkazo wa misuli. Kwa wasiwasi, tafiti zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba bayofidibeki ya mapigo ya moyo huwapunguzia watu msongo na hofu. Kwa maumivu ya muda mrefu ya mgongo, husaidia zaidi ikiambatana na mazoezi ya viungo na matibabu mengine.

Mipaka yake nayo ni wazi. Njia hii haiui vimelea vya malaria, haiungi mfupa, haiondoi uvimbe. Hupunguza mzigo wa mateso na kumrudishia mgonjwa sehemu ya uwezo aliodhani ameupoteza. Mwenye kipandauso anayeweza kulala usiku na kuamka kwenda shambani amepata jambo kubwa, hata kama ugonjwa wenyewe haujaisha.

Bila mashine

Mashine kamili za namna hii si sehemu ya vifaa vya kawaida vya zahanati zetu. Hata hivyo, kiini cha njia hii ni kuiona ishara ya mwili, kujaribu kuibadili na kuiangalia tena. Kwa hilo, saa, daftari na vidole viwili vinatosha kuanzia.

Kwanza, pima. Keti mahali tulivu, mgongo umeegemea. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu mapigo kwa dakika moja. Kisha hesabu pumzi zako kwa dakika moja. Andika namba zote mbili, na uandike pia kiwango cha maumivu au hofu, kuanzia 0 kwa asiye nayo kabisa hadi 10 kwa ile isiyovumilika.

Pili, pumua taratibu. Vuta pumzi kwa pua huku ukihesabu sekunde 4, uitoe polepole kwa sekunde 6. Tumbo ndilo linalopaswa kuinuka, mabega yatulie. Usivute hewa nyingi kwa nguvu, kwani kupumua kupita kiasi huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole. Endelea kwa dakika 10.

Tatu, legeza misuli. Kaza ngumi kwa sekunde 5, kisha uiachie na usikilize tofauti kwa sekunde 20. Fanya hivyo kwa mikono, mabega, uso, mapaja na miguu. Ruka sehemu inayouma au iliyojeruhiwa.

Nne, pima tena na uandike. Kulinganisha namba za mwanzo na za mwisho ndiko mrejesho wenyewe. Fanya mara mbili kwa siku kwa wiki 4 kabla ya kuamua kama njia inakufaa. Siku za mwanzo huenda usione badiliko lolote. Haba na haba hujaza kibaba.

Kipimo cha kidole ambacho wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19 huonyesha mapigo ya moyo na kinaweza kutumika pia. Zipo vilevile programu za simu janja zinazosoma mapigo kwa kidole kilichowekwa juu ya kamera. Vifaa hivyo vitumike kwa mazoezi tu, visichukue nafasi ya vipimo vya hospitali. Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo au ujauzito azungumze kwanza na mhudumu wa afya. Aliyewahi kupatwa na tukio la kutisha, akiona kwamba kuusikiliza mwili kunamrudishia hofu ile, aache na atafute mtaalamu wa afya ya akili.

Rozari na pumzi

Mwezi Desemba mwaka 2001, jarida la madaktari la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti ulioongozwa na Luciano Bernardi wa Chuo Kikuu cha Pavia, Italia. Watu 23 wenye afya njema walipimwa pumzi, mapigo ya moyo na msukumo wa damu wakati wakisali Salamu Maria kwa Kilatini, kwa mtindo wa kiongozi na waitikiaji. Ilionekana kwamba sala hiyo iliwashusha hadi karibu pumzi 6 kwa dakika, na miendo ya moyo na mishipa ikalingana.

Sababu inaeleweka kwa yeyote aliyesali Rozari katika jumuiya. Kiongozi husema sehemu yake kwa pumzi moja, kisha huvuta hewa wakati wengine wakiitikia. Wazee waliotufundisha kuisali bila kukimbia hawakuwa na vipimo, lakini walijua kwamba Rozari ya haraka humchosha msali na Rozari ya taratibu humpumzisha.

Hata hivyo ni lazima tuusome utafiti huo mpaka mwisho. Watu hao hao walipimwa pia wakirudia maneno ya yoga, na matokeo ya mwili yalikuwa ya namna ile ile. Hivyo utulivu uliopimwa Pavia ni tunda la mwendo wa pumzi, na mwendo huo ni wa kila mwanadamu, awe amebatizwa au la. Anayeutumia utafiti huu kuthibitisha nguvu ya Rozari anaujenga ukweli wa imani juu ya msingi usio wake.

Hili Kanisa lilikwisha kulitolea mwongozo. Tarehe 15 Oktoba 1989, idara ya Vatikano inayosimamia mafundisho ya imani, wakati huo chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa barua kwa Maaskofu juu ya baadhi ya sura za tafakari ya Kikristo. Barua hiyo inakubali kwamba mkao wa mwili na pumzi vinaweza kumsaidia mtu kusali. Papo hapo inaonya kwamba mazoezi ya mwili yanaweza kuleta hisia za utulivu na raha, na kwamba ni kosa kubwa kuzichukua hisia hizo kuwa ndizo faraja za Roho Mtakatifu.

Onyo hilo linamlinda hasa mgonjwa. Akidhani kwamba utulivu ni kipimo cha imani, siku atakayosali na kubaki na maumivu atajihesabu kuwa ameachwa na Mungu. Sala ni kuwa na Mungu, na mtu anaweza kuwa naye huku moyo ukidunda kwa hofu, kama Bwana wetu alivyosali Gethsemane katika uchungu mkubwa. Basi asali Rozari taratibu, aupokee kwa shukrani utulivu ukija, na usipokuja ajue kwamba sala yake haijapungukiwa kitu mbele ya Mungu.

Je, kupunguza mateso ni kuukataa msalaba?

Wapo waamini wema wanaoona haya kutafuta nafuu, wakidhani kwamba Mkristo anapaswa kuvumilia tu. Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio XII, akiwajibu madaktari wa usingizi waliomwuliza juu ya jambo hili, alifundisha kwamba ni halali kwa Mkristo kupunguziwa maumivu na kwamba halazimiki kuyatafuta. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inatukumbusha kwamba uhai na afya ni amana tuliyokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuitunza kwa busara. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamheshimu tabibu na dawa kama kazi ya Mungu, na katika sura hiyo hiyo anamhimiza mgonjwa kusali.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Barua yake ya Kitume Salvifici Doloris ya mwaka 1984, anafundisha kwamba mateso yakiunganishwa na ya Kristo huwa na thamani ya ukombozi. Lakini katika barua hiyo hiyo anamweka mbele yetu Msamaria Mwema, aliyesimama, akafunga majeraha na kugharimia matunzo. Mafundisho haya mawili yanakwenda pamoja: maumivu yanayoweza kupunguzwa tuyapunguze, na yanayobaki tumtolee Bwana.

Tahadhari tatu

Kwanza, usicheleweshe matibabu. Mficha maradhi kifo humuumbua. Maumivu makali ya kifua, maumivu ya kichwa ya ghafla yasiyo ya kawaida au yenye homa na shingo kukakamaa, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, na maumivu ya mgongo yenye ganzi ya miguu au kushindwa kuzuia haja, yote ni ya kukimbizwa hospitali, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu, nayo ikibidi itamwelekeza mgonjwa Bugando jijini Mwanza, hospitali ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania. Vivyo hivyo mwenye mawazo ya kujidhuru asiachwe peke yake hata saa moja. Wala mtu asiache dawa za shinikizo la damu, za kisukari au za afya ya akili kwa sababu amejifunza kupumua.

Tunawataja kwa namna ya pekee watoto wenye selimundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 juu ya watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania ulionyesha kwamba takribani mtoto 1 kati ya 5 amerithi kinasaba kimoja cha selimundu, na karibu watoto 12 kati ya 1,000 wana ugonjwa wenyewe. Maumivu ya selimundu ni miongoni mwa makali kabisa ayajuayo mwanadamu. Mama anaweza kumshika mwanawe mkono na kupumua naye taratibu wakiwa njiani, na hilo litampunguzia mtoto hofu. Lakini safari ya kwenda hospitali ianze mara moja, hasa akiwa na homa. Maji ya kutosha, dawa za maumivu na haidroksiyurea inayoandikwa na daktari ndizo zinazomlinda.

Pili, jihadharini na wauza mashine. Hupita watu minadani na mitaani wakiwa na kifaa kinachoshikwa mkononi, wakidai kwamba kwa dakika chache kinapima mwili mzima na kutaja magonjwa yote, kisha huuza virutubisho vya bei kubwa kutibu walichokitaja. Hiyo si bayofidibeki. Bayofidibeki ya kweli hupima ishara moja au chache zinazojulikana, haitaji ugonjwa, na lengo lake ni kukufundisha hadi usikihitaji kifaa. Katekisimu, namba 2117, inakemea kuutumia vibaya wepesi wa watu wa kuamini, na kosa hilo hutendeka kwa kompyuta sawasawa na kwa tunguri.

Tatu, tuiogope hofu inayotafuta wa kulaumiwa. Usukuma wetu umebeba jeraha la akina mama wazee waliouawa kwa kudhaniwa kuwa wachawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Mara nyingi mambo hayo yalianzia nyumbani kwa mgonjwa: maumivu yasiyoeleweka, usiku wa hofu, kisha safari ya kwa mpiga ramli na jina la jirani kutajwa. Familia inayojua kwamba moyo kwenda mbio, kifua kubana na mwili kutetemeka vinaweza kuwa kazi ya mfumo wa fahamu uliojaa hofu, ina sababu moja zaidi ya kwenda hospitali na kutokumnyooshea mtu kidole. Kwa hiyo elimu hii inaweza kuokoa uhai wa mgonjwa na wa jirani yake pia.

Katika jumuiya zetu

Tunazialika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziichukue elimu hii wanapowatembelea wagonjwa. Kaeni na mgonjwa, msikilizeni, mwulizeni kama amefika hospitali na kama dawa anazo. Salini naye fumbo moja la Rozari taratibu, mkingoja pumzi yake. Akipenda, mfundisheni kupima mapigo na kuandika katika daftari, na mrudi wiki ijayo kuliangalia pamoja naye. Aliye katika hatari kubwa ya ugonjwa au anayeelemewa na uzee, mwiteni paroko mapema ampe Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa, msisubiri hadi saa ya mwisho. Na ikiwa nauli ya kumfikisha Mwanza haipo, jumuiya iichange kabla ya kuagana.

Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.